Nani anaijua hadithi ya upawa na mito saba? Mkate wangu unaungua kwa sababu siikumbuki yote

GauniLaBibi aliandika:

Wakuu, habari za Jumapili. Swali langu la kichaa kidogo, naomba mlisome lote ndipo mcheke.

Naishi Ilala, kwenye nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Ni zile nyumba za Kiswahili za vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Bibi alitutoka miaka minne iliyopita. Wajomba waligawana kabati na viti, mimi nikaachiwa walichokiita takataka za uani: mbuzi ya kukunia nazi iliyobakiza nusu ya meno, kifumbu, kinu chenye ufa, cherehani ya miguu, na sanduku la bati lililojaa doti za khanga na picha za studio. Kati ya hizo khanga kuna kisutu chake cha harusi, nyekundu imefifia hadi kuwa rangi ya tofali, lakini ukiifungua bado inanuka udi. Nililia siku ile na sikulia kwa ajili ya kabati.

Kazini wananiita Bi Kale. Nashika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Gerezani, na navaa magauni ya zamani ya mtumba. Belo likifunguliwa wenzangu wanawahi jinzi, mimi napapasa kola na zipu. Nikikuta zipu ya chuma, kola yenye ncha ndefu kama mbawa za kunguru, na upindo ulioshonwa kwa mkono, najua huyo aliyelivaa mara ya kwanza sasa hivi ni bibi wa mtu huko Ulaya, na pengine bado analikumbuka. Gauni langu la kijani, linaloishia juu ya goti, nililipata Karume kwa elfu tatu kabla soko halijaungua ile Januari 2022. Ndilo nguo yangu ya siku kubwa.

Sasa nina ndoto. Jumamosi moja nataka kutandika mkeka barazani, nitundike khanga za bibi na magauni yangu kwenye kamba ukumbini, niwaite majirani, niwape chai ya mchaichai na mkate wa kumimina, halafu niwasimulie hadithi ya bibi huku mkate ukiiva. Siuzi kitu. Mama anasema naota mchana kweupe na nitaishia kulisha mtaa mzima. Labda.

Tatizo ni mkate. Bibi hakuwa na saa jikoni. Vitu vyake vyote vilipimwa kwa maneno. Maharage yalikuwa "ya kwenda Kariakoo na kurudi". Chai ilikuwa "ya salamu tu". Na mkate wa kumimina ulikuwa wa hadithi moja, hii ya upawa. Anamimina, anafunika, anasema "Paukwa!", nasi wajukuu "Pakawa!", na hadithi ikiisha mkate umeiva chini na juu, umejaa vitundu kama sega la nyuki.

Hadithi yenyewe ni hivi. Palikuwa na mama mwenye upawa mmoja tu wa kifuu. Binti yake akaenda harusini ng'ambo, amevaa mapambo yote ya mama yake, akabeba ule upawa wa kunywea maji njiani. Akausahau chini ya mwembe. Kurudi nyumbani mama anauliza, upawa uko wapi? Rudi ukaulete. Kurudi, mito saba imejaa. Binti anaimba:

*Mto, mto, nipishe,*
*upawa wangu ng'ambo.*

Na sisi tunaitikia: *Toa ndipo upite!*

Mto wa kwanza ukachukua ushungi. Wa pili kipini. Wa tatu hereni. Wa nne bangili. Wa tano mkufu. Hapo ndipo ninapoishia. Mto wa sita na wa saba siikumbuki kabisa, naona giza. Mwisho naujua: anarudi usiku na upawa, amebaki na khanga moja tu, mama hamtambui, mpaka pale binti alipoingia jikoni akakoroga mchuzi, ndipo mama akasema mkono huu naujua. Hata hivyo tangu utoto sijaelewa, mama gani hamtambui mwanawe kwa sababu hana hereni?

Nimejaribu mara tisa. Nasimulia mito mitano, nafungua, katikati uji. Nikasema basi nitoe mwisho wa hadithi polepole, nikaunguza chini. Mara ya mwisho nilijipima kwa simu: hadithi yangu nzima ilichukua dakika sita. Najua dakika sita hazioki mkate wa kumimina, sijawa mjinga kiasi hicho. Ila bibi alikuwa anaoka kwa hadithi hiyohiyo!

Kwa hiyo naomba mawili. Anayejua mto wa sita na wa saba anisaidie. Na kama kuna mchoraji humu: nataka kuichora hiyo mito saba, nimepata kipande cha ubao wa dari, je, nipake rangi gani?

UkweliUnauma:

Dada, dunia iko mbali. Nunua oveni ya umeme, weka nyuzi 180, nusu saa, kachome kijiti. Hadithi wasimulie wageni baadaye wakiwa wameshiba. Mbona mnapenda kujitesa?

GauniLaBibi:

Oveni ninayo, ndugu yangu. Mkate wake unaiva vizuri na hauna hata harufu ya moshi. Ni kama kupokea salamu za mtu kupitia mtu mwingine.

MamaVitumbua:

Bi Kale mimi hadithi siijui, kwetu Tanga walituimbia nyingine kabisa. Lakini unga wako naushuku. Hebu tusahihishane.

Mchele unalowekwa usiku kucha, na usiwe ule unaonukia sana wa pilau, huo uache. Chukua wa kawaida unaoshiba maji. Asubuhi mwaga maji yote, saga na tui zito la kwanza tu. Wengi wanakosea hapa, wanaongeza tui la pili ili blenda izunguke, unga unakuwa maji, halafu wanasema jiko baya. Uwe mzito wa kuanguka kama utepe kutoka kwenye kijiko. Hamira, hiliki, sukari. Funika, uache uumuke. Ukishajaa mapovu ndipo unapiga ute wa yai pembeni na kuuchanganya taratibu, kisha usikoroge tena kama unatafuta kilichopotea.

Sufuria iwe nzito, upake samli, ipate moto kwanza mpaka tone la unga likianguka lilie "chss". Ukimimina kwenye sufuria baridi utanata, na lawama utampa bibi wa watu. Halafu punguza makaa chini, yabaki kama ya kupashia chai. Usifunike mara moja. Acha vitundu vifunguke juu na ukingo uanze kuachana na sufuria, hapo ndipo juu kunahitaji moto. Wewe unawekaje moto wa juu?

GauniLaBibi:

Mama, asante. Tui la pili ndiyo dhambi yangu, nimekamatwa. Moto wa juu naweka makaa kwenye mfuniko wa bati. Bibi hakufanya hivyo. Yeye aliigeuza sufuria nzima ikaangalia makaa kifudifudi, na mkate haukuanguka. Mimi nikijaribu nitalisha jiko.

MamaVitumbua:

Huanguka ukigeuza mapema. Ukiwa umeshika chini hauanguki, ng'o. Sasa unaona, bibi alijua saa ya kugeuza. Hiyo saa ndiyo iko kwenye hadithi yako.

RangiMbichi:

Mimi nachora, nina kibanda upande wa Oysterbay. Dada umepata ubao sahihi bila kujua. Mzee Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 hakuwa na kanvasi, alichora kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, akiziuza pale karibu na Morogoro Stores. Alifariki 1972, miaka minne tu ya kuchora, na mpaka leo sisi tunakula kwa mkono wake. Kwa hiyo nenda duka la rangi, chukua vikopo vidogo vya rangi ya mafuta: nyeupe, nyeusi, nyekundu, manjano, buluu. Mengine utachanganya.

Pakia kwanza mgongo wa picha, yaani rangi ya nyuma, rangi moja au mbili zinazofifia. Ikauke kabisa. Halafu mito. Ikauke. Halafu binti. Ikauke. Halafu nukta na mistari myembamba. Wanaoanza wote wanaharibu kwa haraka, rangi hii usoni inaonekana imekauka kumbe chini bado ni uji, kama mkate wako. Usiiguse, usiiegemee.

GauniLaBibi:

Haya, nimeelewa. Binti nitamvika kisutu.

MzeeWaRaizoni:

Mwanangu GauniLaBibi, nimechelewa kuliona swali lako, macho siku hizi na simu haviivi chungu kimoja. Nimelisoma mara mbili. Bibi yako alikuwa mtu wa wapi?

GauniLaBibi:

Shikamoo mzee. Mzaramo wa Kisarawe, upande wa Maneromango. Alikuja mjini kuolewa.

MzeeWaRaizoni:

Marahaba. Nilijua. Mama yangu naye ni wa huko huko, na hadithi hiyo tuliilalia na njaa.

Kwanza gauni lako. Unasema la kijani, linaishia juu ya goti. Ungelivaa Kariakoo mwanzoni mwa 1969 ungerudishwa nyumbani na vijana wa TANU, nayo ingekuwa bahati yako. Ile ilikuwa Operesheni Vijana. Walikataza vimini, mawigi, suruali za kubana, waliviita utamaduni wa kigeni. Dada yangu mkubwa alikuwa na gauni kama hilo, alishona kwa fundi Mtaa wa Msimbazi. Akitoka nyumbani anajifunga doti nzima ya khanga juu yake, mwanamke wa heshima kabisa, akifika kwenye dansi khanga inavuliwa inawekwa kwenye mkoba. Mimi mdogo mtu nilikuwa mbeba mkoba. Miaka michache mbele nami nikavaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, nikaanguka ngazi za ukumbi wa DDC mbele ya msichana niliyekuwa namtaka. Hakunicheka, ndiyo maana nilimwoa. Basi, nisikupoteze.

Sasa hadithi. Mto wa sita sikumbuki. Nimempigia simu mdogo wangu yuko Mbagala, yeye anasema viatu, mimi nasema binti wa zamani zile viatu avitoe wapi, tumegombana mpaka salio likaisha. Lakini mto wa saba naujua vizuri sana kwa sababu ulikuwa unanitisha.

Mto wa saba ulichukua sauti.

Binti hana tena cha kutoa. Mto unamwambia, basi niachie hiyo unayoniimbia. Akaiacha. Na hapo, mwanangu, mama yangu alikuwa ananyamaza. Kimya. Hatamki neno. Ni sisi watoto tuimbe wimbo wote, beti na kiitikio, kwa niaba ya binti, tena na tena mpaka avuke. Ukiacha kuimba binti anazama. Tuliimba hasa! Sasa nikuulize wewe uliyekulia jikoni kwa bibi: wakati mnaimba peke yenu, yeye alikuwa wapi?

GauniLaBibi:

Mzee.

Mzee, alikuwa ameinamia jiko. Namwona kabisa, ametupa mgongo, khanga ameikaza kiunoni, na sisi tunaimba kama tumeshikwa na wazimu. Mimi niliamini miaka yote kwamba pale alikuwa analia kwa sababu ya moshi, na hatukutaka kumsumbua.

Alikuwa anageuza sufuria.

Na ndiyo maana mama hakumtambua mwanawe! Usiku, hana pambo, hana sauti ya kusema ni mimi. Amebaki na mkono tu.

MzeeWaRaizoni:

Umeona. Sasa la pili. Unasema hadithi yako ni dakika sita. Unamsimulia nani?

GauniLaBibi:

Simsimulii mtu, mzee. Nasimulia sufuria.

MzeeWaRaizoni:

Basi nani anakuitikia? Hadithi hiyo bila kiitikio ni taarifa ya habari. Bibi yako alikuwa na wajukuu wangapi pale? Kila mto lazima mmoja aanze kucheka, mwingine aseme mimi ningetoa mbuzi badala ya kipini, mdogo aulize mto una mdomo? Wanaitikia vibaya, wanaambiwa warudie. Hapo ndipo muda unapokaa.

UkweliUnauma:

Mimi ni yule wa oveni. Sijasema kitu. Endeleeni tu.

MamaVitumbua:

Uvute kiti basi.

GauniLaBibi, wiki mbili baadaye:

Wakuu, narudi na mrejesho, nawadai pole na pongezi kwa pamoja.

Jumamosi imepita. Nilitundika khanga kumi na moja ukumbini, kisutu katikati, na magauni matano. Walikuja majirani wa nyumba tatu na watoto wao, jumla sikuhesabu ila vikombe vilipungua ikabidi wengine wanywee kwenye mabakuli. Kina mama hawakutazama magauni hata kidogo. Walisimama kwenye khanga wakisoma majina. Bi mmoja wa nyumba ya pili alifika kwenye ile ya "Japo sipati tamaa sikati", akaishika upindo, akasema hii nilimwambia bibi yako anikopeshe mwaka mzima hakunikopesha, na nilijua kwa nini. Akakataa kutuambia kwa nini. Mama yangu mzazi aliyekuwa amekuja kunicheka akabaki naye barazani wanong'one mpaka magharibi.

Unga ulikuwa wa tui la kwanza tupu, kama nilivyoelekezwa. Sufuria ikalia "chss". Nikatoka uani nikaliweka jiko pale kwenye mlango wa ukumbi ili niwaone watoto, walikuwa tisa. Paukwa! Hakuna aliyejibu. Watoto wa siku hizi hawaijui! Nikawafundisha, wakaipenda kuliko hadithi yenyewe, tukakaa kwenye paukwa na pakawa dakika nzima. Mto wa kwanza wakabishana, kwa nini binti asiogelee. Wa pili mmoja akauliza kipini ni nini, bibi wa nyumba ya pili akaonyesha tundu la puani mwake, watoto wote wakataka kuliona kwa karibu, foleni. Mto wa nne nikaona vitundu vimefunguka. Wa tano ukingo umeachia. Sikutazama simu hata mara moja, lakini shangazi alitazama: tulikuwa tumefika dakika kumi na nane.

Mto wa sita nilikuwa nimepanga kuwaambia ni viatu, mdogo wake mzee apate haki yake. Sasa hapo ndipo balaa. Ile picha ya mito saba nilikuwa nimeimalizia usiku wa Ijumaa, nikaiegemeza ukutani nyuma ya kigoda changu. RangiMbichi ulisema ikauke, nakubali, ulisema mara tatu. Nikainuka kuchukua koleo la makaa, watoto wakapiga ukelele. Mgongoni kwenye gauni la kijani nilikuwa na mto mzima, wa buluu, kutoka begani hadi kiunoni.

Kukawa kimya. Halafu katoto ka miaka mitano hivi, ka mpangaji wa chumba cha mbele, kakasema kwa sauti: "Mto wa sita umechukua gauni!"

Basi ndiyo hivyo. Tukaendelea. Mto wa saba nikanyamaza, wao wakaimba peke yao, na mimi nikashika sufuria kwa vitambaa viwili nikaigeuza kifudifudi juu ya makaa. Mikono inatetemeka. Waliimba mara nane au tisa, hawakuthubutu kuacha, kamoja kalikuwa kanalia kwa hofu kwamba binti atazama. Mkate haukuanguka.

Upande mmoja umeungua kidogo, wa kulia, makaa yalilala huko. Katikati umeiva, una vitundu. Mimi nilipata kipande kidogo kama cha kuonja dawa, kwa sababu mama alikuwa anagawa na mama akigawa wa kwake humaliza wa mwisho. Akaniambia: "Wa bibi yako ulikuwa na hiliki zaidi." Kisha akauliza Jumamosi ijayo nitafanya tena au namna gani.

Mzee wangu wa raizoni, nimekuwekea kipande kwenye friza, sema kijana gani atapita Ilala. Na RangiMbichi, nisamehe, nina swali moja tu: rangi ya mafuta inatokaje kwenye gauni?

RangiMbichi:

Kitambaa gani?

GauniLaBibi:

Poliesta, ile nzito ya zamani. Imeshakauka.

RangiMbichi:

Ingekuwa mbichi ungejaribu tapentaini. Ikishakauka haitoki, dada. Lete hilo gauni kibandani, nikuongezee binti na mwembe.